Kibuyu cha Martina na Breki za Morisi

Kijiji cha Ujamaa Amkeni,
Njia ya Mgori,
Singida.
Mwezi wa kupura mtama, 1974

Kwa Ndugu Katibu,
Kamati ya Gari la Kijiji,
Hapa hapa Amkeni, nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Ndugu Katibu,

YAH: MAFUTA YA MTOTO AMBAYE HAJAZALIWA KUNYWEWA NA GARI

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Marahaba. Nimeona niipokee mapema kwa sababu tangu uwe Katibu unapita mlangoni kwangu kama mtu anayewahi treni Itigi.

Nilipokufuata juzi pale ghalani nikakuuliza kibuyu changu kiko wapi, ulinijibu mbele ya watu, “Mama, Kamati haipokei malalamiko ya mdomo. Lete kwa maandishi.” Mimi nilikuzaa wewe Simoni nikipiga kelele kwa mdomo huu huu, na siku hiyo hakuna aliyeniomba maandishi. Lakini serikali ni serikali. Haya, maandishi ndiyo haya.

Mimi darasa sijaliona hata kwa dirishani. Anayeshika kalamu ni Dorkas, mkeo, kwa sababu ndiye mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima, na kwa sababu amekukasirikia kama mimi. Ninasema, yeye anaandika. Kuna maneno mawili amekataa kuyaandika, anasema si ya barua. Nimemwachia. Unayajua, nilikuwa nakuita kwa hayo ulipokuwa ukiacha mbuzi waingie kwenye mtama.

Dorkas anasema barua ya serikali lazima ieleze kila kitu kama vile anayesoma alizaliwa jana. Basi naanza mwanzo.

Gari la kijiji ni Morisi, lile dogo lililofungwa mbao nyuma kama kichanja cha kukaushia mahindi. Aliliacha yule Mwingereza bwana shamba, aliyekuwa akitufundisha kulima karanga ambazo tulikuwa tukizilima kabla hajazaliwa, alipoondoka mwaka wa Uhuru. Kila masika uyoga unaota kwenye mbao zake, na mwaka jana mchwa waliula mlango wa nyuma mpaka kwenye bawaba. Lakini linatembea, nalo ndilo linalopeleka wagonjwa na waja wazito hospitali ya mjini. Kabla ya kufika mjini kuna mteremko wa Mawe Mawili, na chini ya mteremko kuna korongo. Martina, binti yako wewe na Dorkas, mjukuu wangu wa kwanza, amerudi nyumbani, analala kwangu, kujifungua mimba yake ya kwanza, maana mumewe yuko kazini reli Itigi na huko hana mama. Mwezi wake ni huu. Kwa hiyo, Ndugu Katibu, mkisema habari za breki msidhani mnasema habari za chuma. Mnasema habari za Martina.

Breki zenyewe zilikufa kwa hotuba. Mafuta yake yalipopungua, Alute dereva aliomba aende mjini kutafuta mengine. Mwenyekiti wako, Ndugu Manase, akasimama mkutanoni akasema mafuta ni mafuta, na katika Ujamaa hakuna kubaguana. Watu wakapiga makofi, na mimi nilipiga, nilikuwa sijasikia vizuri. Mkatia mafuta ya injini kwenye breki. Mipira ya ndani ikavimba kama uso wa mtu aliyeumwa na nyuki. Kwanza breki zikashika zisiachie, kisha zikaachia zisishike. Tangu hapo Alute amekuwa akilisimamisha gari kwa kuligonga kwenye kichuguu kilicho mbele ya ghala. Wageni wanadhani ndicho kituo, wanakaa pale kusubiri.

Mkaenda mjini kwa Vallabhdas, yule mwenye duka la vipuri. Huyo si mtu wa kuficha neno. Aliwapa mipira mipya na akawaeleza, Alute amenisimulia mwenyewe nikimpa uji. Alisema Morisi hizi za zamani zina mipira ya utomvu wa mti, si kama ya magari ya siku hizi. Breki zake zinataka mafuta yaliyotoka kwenye mmea. Mafuta ya ardhini yanaivimbisha ile mipira. Lakini shokomzoba, yaani vile vyuma vinavyolizuia gari lisirukeruke kama mwanambuzi, zenyewe zinataka mafuta ya ardhini, tena mepesi. Haya yasiende kule na yale yasije huku. Akasema makopo ya mafuta ya breki ya namna hiyo hana, meli haijaleta, na yaliyopo rafuni ni ya magari mapya, hawezi kuwauzia akalala. Halafu, kwa bahati mbaya yangu, akaongeza kwamba mafundi wa zamani walikuwa wakichanganya mafuta ya nyonyo na spiriti.

Mliporudi kijijini, wote mkageuka mkatazama paa la nyumba yangu.

Malalamiko yangu yanafuata kwa namba, kama mnavyopenda.

La kwanza. Mafuta yale hayakuwa ya wananchi, wala hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mtoto. Nyonyo nilizichuma mwenyewe nyuma ya zizi, nikazianika, nikazikaanga, nikazitwanga, nikazichemsha kutwa nzima nikiengua mafuta juu ya maji kwa kijiko cha mti, moshi ukinila macho. Desturi ya nyumba yetu unaijua, kwa sababu wewe mwenyewe ulipakwa. Bibi akishatengeneza mafuta ya aliye tumboni, kibuyu kinaning'inizwa darini juu ya kitanda cha mama yake. Hakivuki kizingiti mpaka mtoto avuke kwanza. Cha kwako kilikaa pale mpaka ukatoka, na ulichelewa, hata kutoka ulitaka kikao. Sasa kibuyu cha Martina kimevuka kizingiti mtoto akiwa bado ndani. Kimewekwa chini ya banda, karibu na tairi bovu na debe la kokoto. Nani atamwambia mtoto kwamba aliyetangulia kupakwa ni gari?

La pili. Mlikuja watatu nikiwa kisimani. Wewe ulishika ngazi, Alute akapanda, Mwenyekiti akasimama mlangoni akimweleza Martina kwamba ni kwa niaba ya wananchi. Martina ni mwananchi. Aliye tumboni ni mwananchi. Mimi nilikuwa mwananchi ninyi mkiwa hamjaota meno. Hamkubisha hodi kwa mwenye nyumba. Mkaniachia karatasi yenye muhuri. Nimewashia moto, ahsante, ilikuwa kavu.

La tatu ni la siasa, naomba lisomwe polepole. Tuliambiwa Mwingereza ameondoka. Nilikuwepo, nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Sasa nauliza: kama ameondoka, mbona gari lake bado linachagua chakula? Mimi nikienda kwa watu ninakula nilichopikiwa. Mwingereza mwenyewe alipokuwa hapa alikula mlenda kwangu, ukamvutika kidevuni mpaka akalia, lakini aliumaliza. Morisi linalala kwetu, linanyeshewa na mvua yetu, mchwa wetu wanalijua kwa ndani, na bado mipira yake inavimba ikipewa lisilo la kwao. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la Morisi liko wapi? Na usiniambie kwamba nyonyo ni ya kwetu kwa hiyo limeshazoea. Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Huyo ni mgeni aliyesukuma sahani ya ugali, halafu akaingia chumbani kwa bibi kuchukua kilichofichwa.

La nne. Vallabhdas alisema spiriti. Mganga wa zahanati alikataa kutoa yake na alifanya vyema, ile ni ya vidonda. Ndipo Kamati ile ile iliyopasua mitungi ya gongo ya mama Gabrieli hadharani, ikatuimbisha na wimbo wa kukataa ulevi, ikazunguka kwa mama Gabrieli mlango wa nyuma kuomba chupa. Mwenyekiti alionja ili kuhakikisha ni kali ya kutosha kwa breki. Wewe ukaonja ili kuhakikisha kwamba Mwenyekiti ameonja sawasawa. Kisha mkarudia, kwa sababu gari lina magurudumu manne na kila gurudumu lilistahili kuonjewa lake. Jioni Alute alilijaribu uwanjani. Gari lilisimama. Mwenyekiti hakusimama, alibebwa. Dorkas hapa amecheka mpaka wino umemwagika, ndilo hilo doa unaloliona, usidhani ni machozi. Lakini uwanjani ni uwanjani, Simoni. Uwanja hauna korongo.

La tano ni shokomzoba, na hapa Dorkas amenishika mkono nisikasirike. Mliambiwa mafuta mepesi ya ardhini. Hayo Vallabhdas alikuwa nayo, kopo liko rafuni, halihitaji meli. Lakini Ndugu Manase alikuwa amelewa ushindi wa breki, kama si kitu kingine. Akasema kama breki zimejitegemea kwa nyonyo, shokomzoba nazo zitajitegemea. Na kwa kuwa yeye ni mtu wa mizinga, ana mizinga mingi msituni Mgori kuliko alivyo na meno, akawaza kama mrina asali. Asali inamiminika polepole. Shokomzoba kazi yake ni kupunguza haraka. Basi mkazijaza asali. Hakuna watu wengine duniani ambao wangekosea namna hii, na nusu yangu inajivuna. Asubuhi kukiwa na baridi ile asali ilikuwa jiwe. Gari halikuruka hata kidogo, walioruka ni abiria. Jua lilipopanda nyuki wakapata habari. Alute alikwenda Mgori na kurudi na kundi zima nyuma yake, kama kiongozi anayesindikizwa na pikipiki. Anataka kuiosha ile asali kwa mafuta ya taa na kutia mafuta yanayostahili, lakini anaambiwa asubiri, Kamati haijakaa. Nyuki wamekaa. Kamati haijakaa. Na asali yenyewe ilikuwa ile nyeupe, ndiyo inayoniuma.

La sita. Martina hajalalamika. Hilo nalo nalilalamikia. Kalelewa vibaya na baba yake.

La saba ndilo kubwa, nimeliwaza nikipepeta mtama. Kwetu waliopakwa mafuta ya kibuyu kimoja ni ndugu. Hawaoani, hawashitakiani, na mzee akifa wanarithi pamoja. Morisi amepakwa mafuta ya kibuyu cha mtoto wa Martina, tena amepakwa ndani, mahali ambapo hata mtoto hapakwi. Basi Morisi ni ndugu wa mtoto huyo. Kama ni ndugu yake, ni kitukuu changu, na wewe, Ndugu Katibu, ni babu yake, ukatae usikatae. Muulizeni mzee yeyote.

Na kama ni kitukuu changu, kuna adabu zake. Kila asubuhi atakuja kunisalimia kwa honi kabla hajasalimia mtu mwingine. Honi moja ndiyo shikamoo. Honi mbili ni utovu wa heshima. Atalala uani kwangu na mbuzi, si peke yake ghalani kama mtoto asiye na kwao. Maji atachota, kuni atabeba, siku ya palizi atakuwepo. Nikifa atalia, na honi ya siku hiyo iwe ndefu, watu wa Mgori wasikie. Hakuna Kamati itakayomtuma kubeba mizinga ya Mwenyekiti bila kunitaka ruhusa, kitukuu cha mtu si punda wa soko. Na yule Mwingereza akirudi kumdai, asije mikono mitupu. Aje na ng'ombe, akae chini na ukoo, aombe kama watu wanavyoomba. Tutamsikiliza. Tutamnyima, lakini tutamsikiliza.

La nane. Najua utakalosema. Utasema, Mama, bila yale mafuta Martina atashukaje Mawe Mawili? Na maneno yakikuishia utanitajia Felista.

Usinitajie Felista. Aliyekuwa amemshika ni mimi. Dada yako alianza uchungu mvua ikinyesha, wakati huo kijiji hakina gari. Tulimpakia kwenye mkokoteni, na pale Mawe Mawili ng'ombe wakagoma kushuka kwenye utelezi. Tuliwapiga, tuliwabembeleza, wewe ulivuta kamba mpaka viganja vikachunika. Mvua ikakatika. Mabati ya mji yalikuwa yanang'aa kule mbele, unaweza kuyanyooshea kidole, na mwanangu akafia mikononi mwangu na mtoto wake tumboni. Mimba ile sikuwa nimeitengenezea mafuta, mavuno ya nyonyo yalikuwa yameungua kwa jua. Tangu siku hiyo kila binti wa nyumba hii akishika mimba ninamtengenezea kwa mkono wangu, kibuyu kinakaa darini, hakitoki. Hakijatoka hata kimoja. Na hatujazika tena mzazi. Sasa mmekitoa hiki.

Ndiyo sababu barua ni ndefu.

Kwa hayo yote naomba, kwa heshima zote za Chama na Serikali, yatekelezwe haya. Mafuta ya mtoto yatolewe kwenye breki, gongo itenganishwe nayo, mtajua wenyewe mtakavyoitenganisha ila si kwa kuinywa, kibuyu kirudi darini kikiwa kimejaa. Kama haiwezekani, Morisi arudishwe kwao Uingereza. Ni kitukuu changu, ndiyo, lakini vitukuu wengine nao wanakwenda kusoma mbali. Nitamfungia karanga za njiani. Na Martina hatapanda gari hilo. Juma lijalo, kabla siku zake hazijafika, nitampeleka mimi kwa mkokoteni, taratibu, akakae kwa shangazi yako jirani na hospitali mpaka atakapojifungua. Sasa ni kiangazi, utelezi hakuna. Na yule dume wangu mweusi ukimwambia “oo” anasimama. Hahitaji kuonjewa kitu.

Namaliza kwa salamu. Nisalimie Mwenyekiti Manase na kichwa chake cha asubuhi ile. Nisalimie Alute, mwambie hasira yangu kwake ni ndogo na uji upo. Mama Gabrieli asalimiwe, na chupa yake irudishwe. Ukienda mjini msalimie Vallabhdas kwa kusema kweli, na mkewe Jayshree, mwambie nyonyo alizoniomba za kukandia nywele nilikuwa nimemtengea, sasa akaulize kwenye breki. Wasalimie nyuki. Wewe mwenyewe njoo ule jioni, Dorkas kapika mlenda wa karanga na amesema hatakuwekea kama hutakuja. Barua ni barua, chakula ni chakula.

Uhuru, kazi, na kila mtu na kibuyu chake.

Ni mimi niliyekuzaa,

Febronia binti Mughwai
(Hapo ni dole gumba langu. Weusi wa pembeni ni masizi ya chungu.)

NYONGEZA. Usitie muhuri bado, soma na hii. Inaandikwa kwenye benchi la wodi ya wazazi, mjini, siku ya pili yake. Kalamu ni ile ile na Dorkas ni yule yule, ila mwandiko unatetemeka kwa sababu amekuwa bibi na hajazoea.

Wewe ulikuwa Mgori mkutanoni, ndiyo maana nakueleza. Dorkas alikuwa ndiyo kwanza anaweka jina langu hapo juu, Martina akaita kutoka ndani. Haikuwa sauti ya kuita maji. Siku zake hazikuwa zimefika, lakini mtoto hakuwa amesoma barua yangu. Dume mweusi alikuwa malishoni, mkokoteni ulikuwa na gurudumu moja, la pili liko kwa fundi. Nilijisikia napiga kelele kumwita Alute kabla sijajua kwamba namwita.

Tulipofika juu ya Mawe Mawili nilimwambia Alute asimame, mimi na Martina tushuke kwa miguu. Alute akasema, “Bibi, huyu hawezi kutembea.” Martina akanishika kanga, akasema, “Bibi, kaa.” Nikakaa. Tukaanza kuteremka. Katikati ya mteremko kundi la ng'ombe likatoka vichakani likaziba barabara yote, na nyuma yao korongo linatusubiri. Alute akakanyaga.

Nilifumba macho. Nikasikia harufu ya nyonyo iliyopata moto, harufu ya chungu changu kabisa, pale kwenye magurudumu. Nikasema moyoni, haya mafuta niliyatengeneza kumlinda Martina, sasa yafanye kazi yake. Morisi akapunguza, akapunguza tena, akatulia kama mtu mzima anayekaa kwenye kigoda. Ng'ombe mmoja alimlamba taa. Nilipofumbua macho tulikuwa mahali pale pale nilipokuwa nimemshika Felista. Mabati ya mji yalikuwa yanang'aa. Ng'ombe wakapita, Alute akaachia breki, zikaachia, tukashuka mpaka chini.

Asali nayo sitaisema vibaya tena. Morisi alitutwanga kutoka nyumbani hadi kwenye lango la hospitali kama nyonyo kinuni, na mkunga anasema hajaona mtoto wa kwanza aliyeshuka kwa haraka hivi. Nikamwambia shukrani ziende kwa Mwenyekiti wetu. Hakunielewa.

Ni wa kike. Mama yake amemwita Felista, sikumwambia mimi. Mafuta ya kumpaka hayakuwepo, na mkunga alileta ya chupa yenye picha ya mzungu. Nikakataa. Nikaenda nje, Alute akainua zulia miguuni pa dereva, akafungua kile kifuniko cha mafuta ya breki, nikachovya ncha ya kidole. Tone dogo, unyayoni tu, kwa sababu ya ile gongo. Mtoto alikunja vidole akapiga chafya. Nikaona yametosha.

Hivyo malalamiko ya kwanza nayafuta. Kibuyu kilivuka kizingiti mapema kwa sababu kilikuwa na njia ya kumsafishia mtoto. La tatu nalifuta, mgeni kaonyesha jembe lake. La nne mjadiliane na mama Gabrieli. La pili libaki kama lilivyo, mlitakiwa kubisha hodi. La saba libaki lote, hata mahali pake pa kulala uani nimeshampangia, ila safari ya Uingereza nimeivunja. Nyonyo nyingine ziko nyuma ya zizi. Uzichume wewe, Ndugu Katibu, na Mwenyekiti azitwange. Kibuyu cha kwanza ni cha breki, cha pili ni cha Felista, na hiki cha kwanza kikae darini ndani ya ghala, kisivuke kizingiti mpaka mjamzito mwingine apande gari. Alute anunue yale mafuta mepesi kwa Vallabhdas kwa ajili ya shokomzoba, lakini asiyatie kwanza. Binti wa Manase naye mwezi wake unakuja.

Na ile honi ya asubuhi tuisimamishe kwa sasa, mtoto akilala asishtuke. Morisi apite mlangoni kwangu kimya kimya. Mimi nitasikia tairi, nitaitikia marahaba.